Mwalimu Mwingine wa Njahi

Mtoto umleavyo sivyo akuavyo. Waliotunga ile ya "ndivyo" hawakuwa na kazi ya kuajiriwa. Hawakuondoka nyumbani saa moja asubuhi wakarudi saa kumi na mbili jioni, wakimwacha mtoto na mtu anayeitikia "sawa, sawa" kabla hujamaliza kueleza.

Mtoto wangu alikuwa mbwa. Nilipewa na Nkatha, tuliyesoma naye diploma ya afya ya mifugo, ambaye siku hizi anafanya kazi Timau. Alikuwa na majuma manane, mweusi wote isipokuwa mstari mmoja mweupe kifuani, kama punje ya njahi, yale maharagwe yetu meusi. Nikamwita Njahi. Nilipomfikisha nyumbani, Cucu, nyanya yangu, alimwinua kwa ngozi ya shingo, akamfungua mdomo akatazama meno.

"Huyu atakuwa mkali," akasema.

"Hatakuwa mkali, Cucu. Atakuwa na adabu."

"Mbwa wa adabu ni wa nini? Atatuimbia kwaya?"

Tunaishi wawili, Cucu na mimi, nje kidogo ya Gakindu, kwenye shamba la kahawa na miti kumi na mmoja ya makadamia. Njia ya mkato ya kwenda kiwanda cha kahawa inapita kando ya ua wetu, kwa hiyo mlango wetu hauna siku ya kukosa mgeni. Mimi huuza dawa za mifugo katika duka Mukurweini mjini. Katika duka hilo nimeona miguu ya watu. Mtu anaumwa na mbwa wa jirani, anaona aibu kwenda hospitali, anakuja kwangu kuniuliza kama ile dawa ya vidonda ya ng'ombe inaweza kumfaa yeye. Nimewafukuza wengi dukani nikiwaelekeza hospitali kwa maneno makali. Nilijiapia kwamba mguu wa aina hiyo hautatoka kwetu.

Huku kwetu mbwa hulelewa kwa njia moja. Mchana anafungiwa katika kibanda cha mbao asione mtu, giza likiingia anafunguliwa, na kwenye ugali wake anatiwa pilipili ili moyo uwake. Wengine humlisha nyigu waliokaangwa. Kisha wenyewe wanashangaa kwamba hawawezi kutoka kwenda chooni.

Mimi nilifuata njia nyingine. Kijibwa huuma kwa sababu meno yanamuwasha na kwa sababu hana mikono ya kushikia vitu. Akinishika kidole, nilipiga yowe fupi, nikamgeuzia mgongo, nikasimama kama nguzo ya umeme. Mchezo umekwisha. Akitulia, nilirudi. Nilimpa gunzi la mahindi lililolowekwa maji atafune badala ya kidole. Akinilamba bila kuuma, nilimpa omena mmoja, samaki mdogo mkavu, kutoka kwenye mkebe. Kila jioni, nusu saa, bila kukosa. Majirani walikuwa wakisimama uani kucheka. Mmoja aliniuliza kama nitamvalisha sare za shule.

Alipofika miezi minne, Njahi alikuwa akipokea omena kutoka kwenye vidole vyangu kama mtu anayepokea ushirika mtakatifu. Nilijivuna, sikatai.

Halafu akamuuma Mwai.

Mwai ni kijana wa bodaboda katika steji ya Gakindu. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Cucu kanisani na kutuletea chakula cha ng'ombe. Siku hiyo alikuja na gunia, Njahi akatoka mbio nyuma ya stoo, akamkamata shavu la mguu, na hakuwa anacheza. Nilikuwa nyumbani, ilikuwa siku ya mapumziko. Nilimwosha Mwai kidonda kwa sabuni na maji ya mfereji dakika kumi na tano nzima huku akilia "aki pole pole," nikamwonyesha kadi ya chanjo ya mbwa, nikamwamuru aende hospitali akachanjwe hata hivyo. Nilimwomba radhi siku hiyo, mara tatu. Mtu asiseme sijui kuomba radhi.

Wiki tatu baadaye Njahi akamuuma Wachuka.

Wachuka ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani, na Cucu ndiye mwenyekiti. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alishuka kwenye pikipiki penye mlango wa ua, akaingia akiwa amejifunika, akaita "Hodi, mwenyekiti!" Njahi akamrukia mkono. Sikuwepo. Nilimkuta jioni akiwa na bendeji hadi kiwiko, ameketi jikoni kwetu, na Cucu anamkorogea uji huku haniangalii.

"Mbwa yako inataka kunimaliza, Kagure," Wachuka akasema.

"Sijui kimempata nini, Mama Wachuka. Hamuumi mtu."

"Basi mimi si mtu."

Usiku wote nilifikiri. Njahi hakuwa mkali. Mwenye kukusanya maziwa alikuja kila asubuhi, akanuswa viatu, akaachwa. Wapita njia waliachwa. Gatimu, naye ni wa bodaboda, alikuja kwetu mara nne mwezi huo na jaketi la rifleksa kama la Mwai, lile la manjano lenye mistari ya kung'aa. Njahi alimtazama, akapiga miayo. Kwa hiyo si pikipiki. Si jaketi.

Asubuhi nilimpigia Wachuka simu kumjulia hali, nikamuuliza polepole nani alimbeba siku ile.

"Si ni Mwai. Kijana mzuri, hata alivua jaketi lake akanifunika nisilowe."

Nikakata simu. Wachuka hakuumwa kwa sababu ya kujifunika wala sauti yake. Aliumwa kwa sababu siku hiyo alinuka Mwai.

Mbwa mmoja, watu wote wa Gakindu, na anamchukia mtu mmoja hadi harufu yake. Mbwa hafiki hapo bila sababu. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo nilikuwa nimevipuuza. Mwai, kabla ya kuja kwetu, alikuwa akinipigia simu: "Leo uko job ama uko nyumbani?" Alikuwa haniangalii machoni. Nyasi nyuma ya stoo zilikuwa zimekanyagwa duara, kama mahali ambapo mnyama amezungushwa. Na Njahi, nikirudi jioni, nilimkuta ulimi nje, ubavu ukipanda na kushuka.

"Cucu, leo Njahi amefanya nini?"

"Amelala."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Mbwa yako ni mvivu kama chifu."

Mbwa aliyelala siku nzima hahemi hivyo. Nilijua kuna mtu anakuja kwangu nikiwa kazini kumpiga mbwa wangu, na nilijua jina lake. Nikaanza kunusa bakuli la Njahi kila jioni kama mtu anayetafuta sumu. Nilimpapasa mbavu. Sikupata uvimbe hata mmoja, nikasema huyu anayempiga ni fundi.

Ijumaa nilipita steji. Walikuwa wanane, wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria.

"Madam Diploma!" mmoja akaita. "Leo unaenda kudunga nani?"

"Nimekuja kwa Mwai."

Mwai akaacha kucheka mapema kuliko wenzake. Hilo nililiona.

"Mwai, acha kumpiga mbwa wangu."

"Ati nini?"

"Umenisikia. Unakuja kwetu nikiwa kazini, unampiga. Ndiyo maana akinusa hata jaketi lako anataka damu."

"Mimi? Niko na wateja, niko na mkopo ya hii pikipiki, nitoke hapa niende kupiga kambwa? Aki Kagure, sijawahi gusa mbwa yako. Hata na jani. Naapa na mama yangu."

"Mwache mama yako, yuko shambani anafanya kazi ya maana."

Steji ikapasuka kwa kicheko. Gatimu akapiga helmeti yake kama ngoma. "Mwai, umepewa! Rudisha!"

Lakini Mwai hakurudisha. Mwai ambaye akitukanwa moja hujibu saba, aliinama akaanza kupangusa tangi la pikipiki, na tangi lilikuwa safi.

"Kuna kitu unajua," nikamwambia, nikiwa nimemkaribia wasisikie wengine.

"Hakuna kitu najua."

"Niangalie, useme hivyo."

Akapangusa tangi.

Habari zilifika kwa Mzee Kahiga kabla sijafika nyumbani. Mzee Kahiga ni mwenyekiti wa nyumba kumi, mtu wa kofia ya sufu na daftari la ukurasa mkubwa, na hapendi jambo liamuliwe mahali ambapo yeye hayupo. Jumamosi alituita wote uani kwetu: Mwai, Wachuka na mkono wake, Cucu na mimi. Njahi alikuwa amefungwa kwenye kibanda cha kuni. Alipomnusa Mwai alinguruma hadi mbao zikatetemeka.

"Mnasikia wenyewe," Mzee Kahiga akasema. "Hii mbwa imeuma watu wawili. Ya tatu itakuwa mtoto anaenda shule. Mimi nasema ilazwe."

"Kulazwa" ni neno la kistaarabu. Maana yake ni sindano.

"Mzee, nipe muda," nikasema. "Kuna mtu amemharibu. Nikijua amefanya nini, nitamrekebisha."

"Umesema mbele ya steji mzima ati ni huyu kijana."

"Nimesema."

"Uko na shahidi?"

"Mbwa."

"Mbwa haandikwi kwa daftari."

Nilimtazama Mwai. Alikuwa akitazama viatu vyake. Ilikuwa nafasi yake ya kusema lolote alilokuwa nalo, na mbwa akinguruma hatua kumi kutoka hapo. Hakusema. Nilimtazama Cucu. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Nilidhani ana huruma nami.

Mzee Kahiga aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma alichoandika. Majuma mawili. Siku ya kumi na nne angekuja na Mwai na Wachuka, Mwai aingie kwa mlango wa ua kwa miguu yake, mbwa akiwa hajafungwa. Njahi akiuma, au hata akijaribu, ningempeleka mwenyewe kwa daktari wa mifugo alazwe siku hiyo hiyo. "Wewe mwenyewe," akarudia, "kwa sababu ndiyo kazi umesomea."

Jumanne nilitoka nyumbani kama kawaida. Nilimwambia Cucu nitachelewa. Nilipanda pikipiki ya Gatimu hadi kwenye kona, nikamwambia anishushe.

"Hapa? Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo maana."

"Unapeleleza nani, Kagure?"

"Nenda, Gatimu. Na ukifika steji, mdomo wako ubaki hapa."

Nilirudi kwa ndani, nikiinama kati ya mistari ya kahawa, umande ukinilowesha hadi magotini. Nilijificha kwenye kahawa za mwisho, ambapo ningeona nyuma ya stoo. Nilikuwa na simu mkononi tayari kupiga picha. Nilitaka kumpelekea Mzee Kahiga sura ya Mwai akiwa na fimbo.

Saa nne na nusu mlango wa stoo ukafunguka. Akatoka Cucu.

Alikuwa na Njahi kwa kamba ndefu, na mkono mwingine ulishika mpini wa jembe. Juu ya mpini lilining'inia jaketi la rifleksa, la zamani, limepauka mabegani. Cucu ana miaka sabini na minne na goti moja baya. Alianza kulichezesha lile jaketi hewani, akilipeleka kushoto, akilirudisha, akizunguka duara kwenye zile nyasi zilizokanyagwa. Njahi alikuwa ameinama, macho yamekaza.

"Mwizi huyo!" Cucu akasema, si kwa sauti kubwa. "Mwizi! Shika!"

Njahi akaruka, akaunasa kwa meno mkono wa kulia wa jaketi, akalitikisa. Cucu akamwacha alitikise kidogo, kisha akasema "Haya," akaingiza mkono mfukoni, akampa omena. Kutoka kwenye mkebe wangu.

Wakarudia. Mara sita. Hakumpiga hata mara moja, hakumtia pilipili. Alijua wakati wa kumwachia, wakati wa kumsifu, wakati wa kumpumzisha. Alikuwa ameketi dirishani miezi yote ile akinitazama nikifundisha, akachukua kila kitu. Kusema kweli alikuwa mwalimu bora kuniliko, kwa sababu mimi nilikuwa na nusu saa na yeye alikuwa na siku nzima.

Nikatoka kwenye kahawa.

"Cucu."

Hakushtuka sana. Alishusha mpini wa jembe polepole. "Wewe ulisema utachelewa."

"Unamfundisha kuuma! Mimi namfundisha asiume, wewe unamfundisha aume!"

"Wewe unamfundisha asiume. Wezi nao nani atawafundisha wasiibe?"

"Wezi gani?"

Akaketi juu ya gogo, goti lake likalia. Njahi akaweka kichwa mapajani mwake, mjinga wa watu, mwanafunzi wa shule mbili.

"Wale wa makadamia," akasema.

Mwaka uliopita tuliibiwa makadamia yote. Watu wawili walikuja mchana na pikipiki wakapukutisha miti kumi na mmoja. Cucu alituambia, mimi na watoto wake wote waliopiga simu, kwamba alikuwa kanisani siku hiyo.

"Sikuwa kanisani," akasema sasa. "Nilikuwa hapa. Walikuja na hizi jaketi, wakasalimia vizuri kabisa, ati 'shosho, habari,' kama mimi ni nyanya yao. Wakasema wametumwa na mnunuzi. Nikasema sijauza kwa mtu. Wakanishika mkono, mmoja huku, mmoja huku, kama watu wanasaidia mzee kuvuka barabara. Wakanifungia stoo. Nilisikia makadamia yakianguka hadi saa tisa."

"Cucu."

"Nilifungua mlango mwenyewe na panga iliyokuwa humo. Nikanawa uso. Wewe ukarudi ukanikuta napika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ati mwenyekiti wa akina mama alifungiwa kama mbuzi na vijana walioniita shosho?"

Nilikaa kando yake kwenye gogo. Kisha mkono wangu ukagusa lile jaketi nyasini, nikaliinua, na kwa mazoea mabaya niliyokuwa nayo wiki hizo nikalinusa. Petroli. Jasho. Na mafuta ya nywele ya nazi ambayo mtu mmoja tu Gakindu hujipaka hadi helmeti inateleza.

"Hili ni la Mwai."

"Alinipa. Nilimwomba ile ya zamani, nikamwambia ni ya nini. Nilitaka kuifua. Akaniambia, 'Cucu usifue, mbwa hujifunza na harufu.'"

Nilicheka bila kutaka. Alikuwa sahihi kabisa. Kitu kimoja tu hakukifikiria, kwamba harufu ile ilikuwa yake. Cucu alidhani anamfundisha Njahi jaketi za wezi. Njahi alikuwa akifundishwa Mwai.

Halafu kicheko kikanikauka. Maana yake ni kwamba siku ile alipoumwa, Mwai alijua. Wachuka alipoumwa, alijua. Aliponiuliza kwa simu kama niko job, alijua. Pale steji alipokuwa akipangusa tangi, alijua. Na Jumamosi, hapa uani, Mzee Kahiga alipoandika siku ya mbwa kufa, alikuwa amesimama akijua, kwa sababu neno moja lingetosha kunionyesha pa kuanzia.

"Ulimkataza asiseme?"

"Sikumkataza. Alinyamaza mwenyewe. Nafikiri aliogopa kuchekwa."

"Na wewe? Ungemwacha Njahi adungwe?"

"Ningesema Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Kwa sababu Jumamosi ningekuwa nimechelewa."

Tulikuwa na siku kumi na moja.

Mbwa hafutiwi somo. Anaweza tu kufundishwa jingine juu yake. Tulilitandika jaketi la Mwai chini na bakuli la Njahi juu yake. Siku ya kwanza aliacha chakula akalishambulia, nami nikaondoa bakuli, nikamgeuzia mgongo. Siku ya pili alikula akinguruma. Siku ya tatu alikula. Tukampa jaketi alalie. Sisi wawili tukaacha kumpa chochote kizuri mahali pengine popote. Omena, mfupa, hata kukunwa masikio, vyote vilitoka juu ya jaketi la Mwai. Siku ya saba nilimkuta amelala kichwa chake kimeingia ndani ya mkono wa jaketi.

Lakini jaketi lililolala si mtu anayetembea. Nililivaa mimi, akanipuuza, kwa sababu alinijua. Aliyehitajika ni yule aliyemfundisha mchezo wenyewe. Kwa hiyo Cucu alilivaa. Lilimfika magotini. Alitoka hadi njiani, akageuka, akaingia kwa mlango wa ua akichechemea, akaita, "Hodi, mimi ni mtu mzuri!"

Mara ya kwanza Njahi alimvaa mkono. Cucu akapiga yowe fupi, akamgeuzia mgongo, akasimama kama nguzo ya umeme. Mimi nilikuwa nikitazama kutoka jikoni na sikumwambia afanye hivyo.

"Hii kazi yako inachosha," akaniambia siku ya tisa, akipumua. "Kuuma ni rahisi zaidi."

"Atabweka, Cucu. Mtu yeyote akiingia atabweka hadi Kerugoya wasikie. Lakini hatauma."

"Na akija mwizi?"

"Utanipigia simu, utampigia Mzee Kahiga, na hutafungua stoo."

Aliwaza. "Basi abweke sana."

Jumamosi walikuja wengi kuliko walioitwa. Nusu ya steji ilikuwa imejipanga nje ya ua. Wachuka aliketi mbali, mkoba juu ya mapaja kama ngao. Mzee Kahiga alifungua daftari. Mwai alikuja na gamboti za mpira zinazomzidi miguu, jaketi jipya, na mikono ameificha kwapani.

"Hizo gamboti ni za kuvuka mto gani?" Gatimu akamwuliza.

"Nyamaza, wewe hujaumwa."

Nilimfungua Njahi. Mzee Kahiga akainua kalamu. Mwai akasukuma mlango wa ua, akapiga hatua mbili, na Njahi akainua pua.

Akatoka mbio. Kimya kimya, moja kwa moja, kama siku ile ya gunia. Wachuka akapiga kelele. Mwai alifumba macho, akabaki amesimama, labda kwa sababu gamboti hazikumruhusu kukimbia. Njahi akamfikia, akanusa goti, akanusa mfuko, akamzunguka mara moja. Kisha akaketi juu ya gamboti ya kushoto, akamwinulia uso, mkia ukifagia vumbi, akingoja omena.

Mwai alifungua jicho moja.

"Mpe mkono," Mzee Kahiga akaamuru. Mwai akatoa mkono kwapani kama mtu anayeutoa kuukata. Njahi akaulamba wote, mbele na nyuma.

Steji ikapiga makofi. Mzee Kahiga akaandika, akasoma: mbwa abaki. Cucu alifunika mdomo kwa leso.

"Bado jambo moja," Mzee Kahiga akasema. "Huyu msichana alisimama steji akasema ati kijana anapiga mbwa. Mbwa yenyewe imeonyesha haina ugomvi na yeye. Kagure, omba kijana msamaha, tuandike, tuende."

Nilimtazama Cucu. Wachuka alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, na bendeji ilikuwa bado haijatoka. Kama ningeeleza, ningemtaja Cucu mbele ya katibu wake, na ningeitaja stoo, na vijana wawili, na mkono huku na huku. Kwa hiyo nisingeeleza. Na Mwai alilijua hilo. Niliona linamfikia usoni, akaanza kutabasamu kidogo, mtu aliyeokotewa heshima yake njiani.

Akanisogelea, akasema chini kwa chini, "Sema tu, Kagure. Ni neno moja, tuishe hii."

"Anza wewe. Sema neno ulilokuwa nalo majuma mawili yaliyopita."

Tabasamu likatoka.

"Mnanong'ona nini?" Mzee Kahiga akauliza.

"Hakuna, Mzee," Mwai akajibu haraka.

"Msichana, tunangoja."

"Siombi," nikasema.

Wakaanza wote pamoja. Kwamba diploma imenipanda kichwani. Kwamba mbwa wangu ana adabu kuniliko. Mzee Kahiga aliandika kwamba nimekataa, akapigia mstari mara mbili. Cucu akasimama, akafungua mdomo, nami nikamkazia macho hadi akaketi.

Mwezi uliofuata Cucu mwenyewe alimwambia Wachuka, jikoni, kwa hiari yake. Yote, hadi ya stoo. Wachuka hakuzungumza naye Jumapili mbili, ya tatu akaja na mandazi. Sasa si siri tena, na kwa sababu si siri Mwai amepata nguvu mpya. Anamtuma Gatimu. Anasema ni kweli alitoa jaketi, na ni kweli alinyamaza, lakini mimi nilisema mbele ya watu wanane kwamba anapiga mbwa, na hakumpiga hata na jani.

Ni kweli, hakumpiga. Nilikosea neno. Yeye alikuwa na neno la kumwokoa mbwa mchanga asiye na kosa lolote, akaona afadhali afe kuliko wenzake wacheke siku moja. Ukiniuliza nani kati yetu ndiye aliyeuma, ninajua nitakavyojibu.

"Basi nimwambie nini?" Gatimu akaniuliza jana, akiwa bado juu ya pikipiki, Njahi akimbwekea bila kumgusa. "Anataka tu umwombe msamaha. Hata kwa simu."

"Mwambie siombi."

"Hata kidogo?"

"Siombi, Gatimu. Si kwa simu, si steji, si mbele ya Mzee Kahiga. Siombi."